Vita vya Kijiti cha Thelathini

Sogeeni, enyi watu wa Kalemie, wa mlimani na wa ufukoni, acheni dagaa wenu juani mnisikilize mimi Swedi, mlinzi wa lango la zahanati, niliyeyashuhudia haya. Nisiyoyaona niliyasikia, maana asubuhi ile nilifagia chini ya dirisha kwa bidii isiyo kawaida yangu.

Ilikuwa miaka ya vita, mji wa Nyunzu ukiungua, treni imelala, na wakimbizi wamejaa hadi uwanja wa mpira. Katika dhiki hiyo Mama Marceline, muuguzi mkuu, simba jike wa sindano, alitwishwa kazi nzito: akusanye pamba thelathini zilizopangusa chunjua za sehemu za siri, ili maabara ya mbali ijue ni aina gani za virusi zilizotamalaki mjini kabla chanjo ya wasichana dhidi ya virusi hivyo haijafika. Miaka ikipita watapima tena, na aina zilezile zikipungua, basi chanjo imeshinda. Mji usiofikisha thelathini hauhesabiwi. Naye alikuwa na ishirini na tisa, na ndege ya misaada inaondoka saa nne.

Saa tatu akaingia Papa Basile, fundi wa baiskeli, mtiisha minyororo, mwenye chunjua. Akainua macho, akamwona Mama Marceline, mama mzazi wa mke wake Ketsia. Lahaula! Akalivuta koti likamfunika kichwa. Kwetu mukwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi, sembuse kuonyeshwa hayo! Na muuguzi wa pili alikuwa kambini kwa wakimbizi.

Mama akageukia ukuta, akakipakata kisanduku cha barafu, akakihutubia kama jemadari mbele ya jeshi.

“Ee kisanduku, umuambie ule muntu aingie nyuma ya pazia. Akamate kijiti cha pamba, apanguse pale panamusumbua, kwa nguvu, mara kumi, akitie mu kachupa. Umuambie mutoto wake mwanamuke, jina Mujinga, iko na myaka tisa. Kesho chanjo ikikuja, tutajua namna gani kama inamulinda, kama leo hatukuhesabu? Na mambo ya kwamba hiyo chunjua ilitoka wapi, Ketsia mwenyewe njo atamuuliza.”

“Kisanduku,” sauti ikatoka ndani ya koti, “umuambie mama nasikia haya mpaka kwa magoti. Lakini juu ya Mujinga, naenda.”

“Umuambie na mimi nasikia haya. Tutasikia haya wote wawili. Afanye mbio.”

Basi shujaa akajitosa nyuma ya pazia. Kijiti cha kwanza kikaanguka sakafuni, kikaharibika. Mama akanyoosha mkono kinyumenyume, uso ukutani, akapitisha cha pili, nacho ndicho kilikuwa cha mwisho. Hesabu ikaanza. Kwenye saba shujaa akaguna, kwenye tisa akamwita Mungu, na mimi huku nje nimeusahau ufagio. Kumi! Kichupa kikabingirika chini ya pazia, Mama akakidaka kwa mikono miwili.

Daftarini akaandika “Kalemie, 30”, bila jina, kama sheria ya siri inavyotaka, sheria ambayo mimi sikuapishwa kuitii. Ndege ikaondoka nacho. Baada ya miezi mitatu majibu ya mji yakaja: iliyotamalaki ni aina ya sita.

Waandishi wa wafalme na waandike watakavyo. Siku Mujinga na wenzake watakapochanjwa, na aina ya sita ikatafutwa Kalemie nzima isionekane, mjue kwamba ushahidi wa thelathini, uliotufanya tuhesabiwe, ulitoka ndani ya suruali ya Papa Basile.