Mtungi Mkubwa Kuliko wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa zimamoto kaingia sokoni. Kila kibanda kiwe na mtungi wa kuzimia moto unaokifaa. Asiyekuwa nao Ijumaa, anaondolewa. Eti moto una aina zake: wa nguo na mbao, wa petroli, wa umeme, na wa mafuta ya kukaangia kama yangu. Nikamwambia moto ni moto, wote unaunguza. Akasema mafuta yakiwaka ukayamwagia maji, yanaruka na moto wake hadi darini. Fundi cherehani, jirani yangu, akatabasamu. Anakitamani kibanda changu cha mlangoni. Nikitoka mimi, anaingia yeye.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua mtungi mkubwa kuliko yote dukani. Mzito, lakini ng'ombe haelemewi na nundu yake. Fundi kanunua kadogo, kama chupa ya chai. Nikaupitisha wangu mbele yake makusudi. Nyumbani mkamwana kasoma maandishi, akasema, "Mama, huu ni wa maji. Wa nguo na mbao." Nikamwambia asome vizuri. Akasoma, maji yale yale. Nikaurudisha, mwenye duka kagoma kuupokea.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia kwa fundi. Kadogo kake kana picha ya kikaango kinachowaka. Anashona magauni, kanunua dawa ya mafuta. Kichwa cha kuvalia kofia tu. Nikakaa kwenye benchi lake, nikasifu mishono iliyopinda. Nikamwambia fundi mkubwa hatundiki kitu kama kile, tubadilishane, mimi bibi wa viazi kadogo kananitosha. Akasema, "Bibi, kwa wema huu leo mvua itanyesha." Akabadilisha. Mwenye akili sokoni ni mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi kaniuliza mafuta yakiwaka nafanyaje. Mkamwana alishanikaririsha. Nazima gesi, nafunika sufuria, ikishindikana napuliza mtungi kwa mbali, maji kamwe. Kasema nimewapita wote. Kisha akamsifu fundi: mtungi wa maji kwa nguo, hapo amechagua sawasawa. Kumbe nimemwokoa kwa mikono yangu. Fundi akanishukuru mbele za watu, nami nikakenua meno. Lakini mlango ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mtungi nimeuviringisha kitambaa, nimeufungia kabatini nyumbani, usirukiwe na mafuta kabla ya ukaguzi mwingine. Kando ya sufuria nimeweka ndoo ya maji, imejaa pomoni. Moto uthubutu sasa.