Seth Aleta Kiwanda cha Karatasi Boito

Kama uongo ungetozwa ushuru, Seth wa Sotik angekuwa ametulipia lami mpaka mlangoni. Asubuhi hiyo alisimamisha Probox yake, mali yake yote duniani, kwenye kituo cha kuuzia majani chai pale Boito, akaona kitu ambacho wenyeji wamekizoea hata hawakitazami: miti ya blugamu, mirefu, minono, mlima mzima. Viwanda vya chai havipati moto bila kuni, na kuni ndiyo hiyo blugamu. Seth akameza mate.

“Wazee wangu, mama zangu, chamgei!” akaanza. “Kampuni inaleta kiwanda cha karatasi hapa Boito. Kitajengewa mtambo wake wa umeme, wa kuchoma makaa ya mawe. Umeme utabaki mwingi, viwanda vya chai vitaunganishiwa huo. Sasa niambieni, nani atanunua kuni tena?”

Mzee Alfayo, mwenye blugamu nyingi na moyo mwepesi, akashika kichwa. “Uwi! Na zetu tutafanyia nini?”

“Mtafungia ng’ombe. Lakini mimi nina huruma. Nitazinunua zote leo, kabla habari haijafika Kericho.”

Huruma! Neno lenyewe lilishangaa kujikuta kwenye mdomo ule.

Sasa, Boito mti hauuzwi kwa maneno. Mnunuzi huupiga alama kwa panga, na ukishapigwa alama mbele ya watu ni wake, atalipa hata mvua ya mawe ije. Bei huzungumzwa baadaye, watu wakiwa wamekaa na chai. Seth, akiogopa wasije wakageuza nia, akavua koti akaingia kazini. Twa! Twa! Shamba kwa shamba, huku akiimba. Jua lilipofika utosini, hakuna blugamu iliyosalimika.

Wakaketi kwa Mama Chepkorir, mjane ambaye miti yake ilikuwa minene kuliko ya wote. Akammiminia Seth chai.

“Kijana yangu, hiyo kiwanda ulisema itatengeneza nini?”

“Karatasi, mama.”

“Na karatasi inatengenezwa na nini?”

Seth akapiga funda kubwa, akaungua ulimi. “Na… mashini.”

“Na hiyo mashini inakula nini?”

Mzee Alfayo akaruka juu kama aliyekalia siafu. “Miti! Karatasi ni miti! Jameni, bei imepanda!”

Loo! Kelele, vigelegele, vikombe vikaanguka. Kila mtu akataja bei yake, na kila bei ikaipita ya jirani. Seth akasimama juu ya kiti.

“Ngojeni! Hakuna kiwanda! Hakuna makaa ya mawe! Nimewadanganya, haki ya Mungu!”

Ndugu msomaji, tangu abatizwe, Seth hakuwahi kusema ukweli mbele ya watu wengi hivyo. Wakacheka mpaka machozi.

“Mwoneni! Anataka bei ishuke!”

“Huyu ni mjanja, mkamateni vizuri!”

“Lipa,” akasema Mzee Alfayo. “Ama gari ikae hapa mpaka umalize.”

Seth alitazama alama zake mlimani, akatazama mapanga ya wenyeji, akatoa funguo. Mzee Alfayo, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akajitosa kwenye usukani akaanza kupiga honi, pii pii pii, na mashangazi wakajazana kiti cha nyuma.

Mama Chepkorir akamsindikiza Seth mpaka barabarani, akampa hindi la kuchemsha la njiani. Seth alikuwa karibu kulia.

“Mama, naapa. Hakuna kiwanda.”

“Najua. Makaa ya mawe itoke wapi hapa Boito?”

“Ulijua? Tangu lini?”

“Tangu asubuhi.”

“Na ukaniacha nipige alama mlima mzima! Mbona hukusema?”

Mama Chepkorir alicheka mpaka akashikilia ua.

“Ningekukatiza aje, kijana yangu, na ulikuwa unadanganya vizuri hivyo?”