Ukuta Uliovimba

Mzee wa Vipimo hakuwa mzee, wala hakuwahi kupima kitu. Kalamu sikioni na futi mfukoni vilimtosha kula mjini. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya nyumba ya mjane mmoja, mate yakamjaa. Ukuta wa mbele ulikuwa wa mawe makubwa yaliyochomoza, kingo zimenyooka, nyuso zimeachwa na makovu kana kwamba yalitoka mlimani jana. Mkandarasi wa hoteli mpya alikuwa akitafuta mawe ya aina hiyo kama dawa.

Mjane akamsikiliza mlangoni, mikono ina unga. Mzee wa Vipimo akamweleza kwa huzuni kwamba ukuta unaumwa. Jiwe lenye afya hulala sawa na wenzake. Likichomoza ujue unyevu unalisukuma, na siku moja litamkuta kitandani. Yeye, kwa moyo wa huruma tu, angeyang'oa na kuyabeba bure.

"Niachiwe mashimo?"

"Nitausawazisha mpaka uteleze, mama. Plasta na rangi, juu yangu."

"Andika."

Akaandika. Mjane akamwita shemeji yake ashuhudie, kisha akataka pikipiki ya mgeni ikae uani kwake, ufunguo aushike yeye, mpaka kazi iishe. Mzee wa Vipimo alikubali. Ndiyo iliyokuwa mali yake yote duniani, lakini mtu anayevua papa hagombanii chambo.

Fundi aliyemkodi akapiga tindo mara moja. Jiwe halikulia, lilitoa vumbi, likadondoka, likawa unga. Nyuma yake palikuwa na matofali. La pili vilevile, na la kumi. Yote yalikuwa plasta, iliyochorwa mistari na kudonolewa kwa msumari ingali mbichi.

"Bosi," fundi akauliza, "hata kuugonga kwa kidole hukuugonga?"

Mkandarasi alikuja na lori, akafikicha kipande kimoja, akaondoka bila kuaga. Fundi naye akamfuata.

Kwa siku tisa Mzee wa Vipimo alipiga plasta peke yake, akijifunza kazi aliyodai kuijua miaka kumi. Alipomaliza, mjane alipitisha kiganja ukutani. Akasema marehemu mumewe, fundi plasta, ndiye aliyeyatengeneza yale mawe, na kwamba yeye mwenyewe mistari ile ilimchosha kwa kukusanya vumbi.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuja kunifundisha."

Akautoa ufunguo, akautazama ukuta tena, akaurudisha kwenye pindo la khanga.

"Pale chini ya dirisha pana bonde. Rudia."