Jaketi la Madumu Mawili

Jumatatu, 2 Juni 2025, Mbalizi

Kwaya ya akina mama inakwenda Ikombe Jumamosi, kwa boti kutoka Matema. Ziwa Nyasa! Na mke wangu Tumpe yumo, maana dada yake Bupe ameolewa huko na hawajaonana tangu msiba wa mama yao. Tumpe hajui kuogelea. Mwenyekiti wao, Mama Devota, amesema hapandi mtu kabla ya kufundishwa kuvaa jaketi la kuokoa maisha. Jirani yangu Dastan, aliyewahi kuishi Kyela, kando ya ziwa hilo, akaanza kunyoosha mkono ajitolee. Nikasimama kabla haujafika juu. Roho ya mke wangu niiweke mikononi mwa Dastan? Thubutu! Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa. Boti sijawahi kupanda. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 3 Juni

Vifaa vya mafunzo tayari. Boti: kitanda cha zamani juu ya tyubu za matairi, kinayumba vizuri mno. Jaketi: madumu mawili matupu ya mafuta ya kula, vifuniko vimekazwa, na kitenge cha kufungia. Yakae wapi mwilini? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto anabebwa mgongoni tangu enzi za bibi zetu na hadondoki. Basi mgongoni! Akina mama walishika somo papo hapo, mbeleko wameizoea. Tumpe peke yake akauliza, kwa upole, kama hataelea huku anatazama samaki. Nikamjibu maswali ni mwishoni.

Alhamisi, 5 Juni

Zoezi la majini, bwawa la samaki la Liberatus. Baridi ya Juni! Dastan alikuja na jaketi halisi, la rangi ya chungwa, akaniomba nilivae. Nikamwambia sivai cha kuazima. Nikaruka. Madumu yalielea barabara. Makalio yangu pia. Uso ukabaki chini, kwenye tope. Nikafungua kinywa nieleze hatua inayofuata. Kosa.

Mkono ukanigeuza. Tumpe! Kaingia na gauni la kanisani, yeye anayeogopa hata mfereji. Maji yalimfika kiunoni tu. Kusimama sikukumbuka. Hakucheka hadi nilipokohoa. Baada ya hapo Mama Devota ilibidi aketi chini.

Ijumaa, 6 Juni

Mafua. Tumpe kanichemshia tangawizi. Uani Dastan anafundisha, kwa boti yangu, kwa madumu yangu! Kayahamishia kifuani, na kamba kaipitisha katikati ya miguu. Alipomaliza akaja dirishani kunishukuru, akasema bila vifaa vyangu asingeweza. Hata nafasi ya kumchukia ananinyima, mtu huyu.

Jioni nikamwomba Tumpe asiende. Akauliza sababu. Uongo wote ukanikimbia. Nikasema naogopa ziwa litamchukua, na nyumba hii siiwezi bila yeye. Akalitwaa lile jaketi la Dastan, alilotuachia, akanivalisha, kifungo baada ya kifungo, akalivuta juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, akasema, bado limelegea. Akalikaza. Akasema kesho tunakwenda wote, Baba Pendo.

Jumamosi, 7 Juni, Ikombe

Tumefika! Njia nzima nilifumba macho, nimeshika mkanda wa jaketi la Tumpe. Yeye kashika wangu. Kwaya iliimba. Bupe alimkumbatia mdogo wake pale ufukweni, wakalia, nami nikalia, nikasingizia mafua.

Huku wanafinyanga vyungu. Bupe katuzawadia kimoja, kikubwa. Nimekitazama tangu tulipomaliza kula. Kitupu, mdomo ukizibwa kwa nailoni na kamba, kinaelea hiki! Na mgongoni bado kuna nafasi. Kitenge kipo.

Tumpe kajilaza mkekani. Jaketi langu kalifanya mto, mkanda kauzungushia mkononi. Kasema nisisogelee maji bila kulivaa. Amelala vizuri mno, sina moyo wa kumwamsha. Nitajaribu bila.