Kokoto Alizoponda Mungu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Miezi minne na siku tatu tangu niache uvuvi ziwani, nitoke Kapalamsenga. Mke wangu Josephina nilimuaga kwa miezi miwili. Kutwa naponda mawe kwa nyundo, mikono imekuwa magome. Na huyu Capitoline, jirani yangu hapa machimboni, rundo lake linapanda kama kichuguu! Fundi Didace katangaza: zege la zahanati ya Makanyagio ni Ijumaa. Ambaye kokoto zake zitapita ndiye atakuwa kiongozi wetu. Lazima niwe mimi. Baba mkwe, mzee Zefania, atapita siku hiyohiyo kuniona. Nilishamwambia kwenye simu kwamba mimi ni kiongozi tangu Aprili.

Jumanne, 8 Julai
Nimegundua siri! Mto umekauka, umejaa vijiwe vya duara, vidogo, safi. Mungu kishaponda mwenyewe, sisi tunahangaika! Nimesomba viroba thelathini kwa toroli. Rundo langu limempita Capitoline. Kauliza nimeponda saa ngapi. Nikamjibu akili haina saa.

Jumatano, 9 Julai
Fundi kachota kiganja, kavigeuza, kavimwaga. Eti vinateleza, saruji haitashika. Eti zege linataka kokoto zenye kona, za robo tatu ya inchi, siyo gololi za watoto. Gololi! Capitoline kacheka hadi kakaa chini. Sawa. Nitavipasua kimoja kimoja.

Alhamisi, 10 Julai
Kijiwe cha duara hakitulii chini ya nyundo. Kinaruka! Kimoja kimetoboa sufuria ya uji ya mama lishe Imakulata. Kingine sikuona kilikoangukia, ila mbwa alilia. Capitoline kaniuliza, mvuvi, mbona samaki wako bado wazima? Kisha kanirushia pete ya mpira wa tairi, kasema nikizungushie kijiwe ndipo nipige. Nilikuwa karibu kuivumbua mwenyewe. Kucha mbili zimekwenda, lakini vijiwe sasa vinapasuka. Nimechekecha vumbi lote.

Ijumaa, 11 Julai
Ushindi! Kokoto za Capitoline zimepita zote, lori likabaki na nafasi kidogo. Fundi kasema jazeni kwa za mvuvi. Zangu zinapakiwa, mara baba mkwe huyo, anashuka kwenye bodaboda! Kweli, Capitoline alishatangazwa kiongozi, lakini mzee alikuwa hajafika. Nikamtambulisha Capitoline kwake kama msaidizi wangu. Capitoline akapiga goti, shikamoo baba, akasema mkweo hana mfano hapa, kazi ya mara moja yeye huifanya mara mbili. Mzee machozi yakamlenga. Hata adui kakiri!

Jumamosi, 12 Julai
Mzee kaondoka. Kafurahi mno, Jumatatu ananitumia mashemeji zangu watatu niwape kazi. Nimekubali. Kiongozi hakatai. Hawatashika nyundo hata kidogo: nimempigia mvuvi mwenzangu, Amosi wa Ikola, alete mzigo kutoka ziwani. Vijiwe vya ufukweni kule ni vya duara zaidi, vinang'aa, ziwa lenyewe limeviosha. Fundi Didace hajawahi kuviona hivyo!

Josephina nimemtumia ujumbe asihangaike. Narudi baada ya miezi miwili.