Kituo cha Kinga ya Moto cha Kona ya Mzani

Waziri hakuwahi kuwa waziri wa kitu chochote. Jina hilo alipewa na watu wa mjini kwa sababu ya suti yake moja ya kijivu, na kwa sababu aliweza kuongea robo saa nzima bila kusema lolote, na bado ukaondoka umeridhika. Kazi yake, tukitaka kuwa waungwana, ilikuwa kuwapunguzia watu mzigo wa mali. Aliifanya kwa upole sana. Wengi aliowaliza walimsalimia kwa heshima walipokutana naye tena, maana bado walikuwa wanasubiri viwanja vyao vipimwe.

Aliishi na mama mkwe wake. Mkewe alikwenda kufanya kazi ng'ambo, na siku ya kuondoka alimvuta kando kila mmoja wao akamwomba amwangalie mwenzake. Mama mkwe alikuwa mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na uso ambao hata askari wa barabarani aliuamkia kabla hajajua anamwamkia nani. Ndiyo maana Waziri alipenda kwenda naye kazini. Watu huitilia shaka suti. Mama anayefuma sweta, nani atamtilia shaka?

Jumamosi moja katikati ya kiangazi walikuwa kwenye kituo cha mafuta mwisho wa mji, pale inapoanzia barabara ya kwenda hifadhini. Waziri alikuwa anauza dawa ya kupunguza ulaji wa mafuta, dawa ambayo asubuhi hiyo ilikuwa bado maji ya bomba. Biashara haikuwa nzuri. Lakini aliona jambo: magari yaliyopita kwa mbwembwe kuelekea porini, muziki juu na watoto madirishani, yalikuwa yanarudi moja baada ya jingine, muziki umezimwa.

Dereva mmoja alishuka amenuna. Waziri alimpa pole kabla hata ya kujua ya nini. Yule bwana akamwaga ya moyoni: walinzi wa getini wamemrudisha kwa sababu hana koleo, hana maji ya akiba, hana mtungi wa kuzimia moto, halafu wakamuuliza maswali ya moto kana kwamba yeye ni zimamoto. Yote hayo kwa sababu mwezi uliopita kuna mtu aliegesha gari kwenye nyasi kavu apige picha ya pundamilia, na kilima kizima kikaungua. Pundamilia walipona. Picha pia ilipona.

Waziri alimuuliza hizo sheria zimeandikwa wapi. Dereva hakujua. Mjaza mafuta naye aliwaza kidogo, akanyoosha kidole kwenye ubao mkubwa wa maandishi mekundu uliosimama pale pale kwenye njia ya kutokea. Kila gari lilipita mbele yake. Mtu alikuwa ameuegemezea matairi matatu.

Waziri alisogeza matairi, akausoma ubao wote mpaka mstari wa mwisho, na huenda alikuwa binadamu wa kwanza kufanya hivyo tangu fundi aliyeuandika. Kisha akarudi kwa mama mkwe.

"Mama," alisema, "tumepata kazi ya serikali."

Njiani kuelekea hifadhini palikuwa na kona yenye kibanda cha zamani cha kupimia uzito wa malori, mzani wenyewe ulikwisha kung'olewa. Walikifagia, wakaleta meza na viti viwili, na Waziri akaandika kwenye kitambaa: Kituo cha Maandalizi ya Moto. Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye sweta akasema maandalizi ya moto ni kama wao ndio wanaouandaa. Kwa hiyo likawa Kituo cha Kinga ya Moto. Waziri alivaa fulana ya mistari inayong'aa juu ya suti. Hakumwambia mtu kwamba ametumwa na serikali. Alisema tu "sisi", kwa sauti ya mtu aliyechoka kwa ajili ya umma, na yaliyobaki watu walijijazia wenyewe.

Kazi ilikuwa nyepesi. Dereva alisimamishwa, akapewa mtihani, akaanguka, akalipia darasa dogo, akabandikiwa stika ya kijani. Hakuna aliyefaulu mtihani.

"Ukitaka kupiga picha, gari unaliweka wapi?" Waziri aliuliza.

"Pembeni."

"Pembeni pana nini?"

"Nyasi."

"Mbichi au kavu?"

Bila kungoja jibu, Waziri alimwomba kwa upole ashuke, ainame, asogeze mkono karibu na ekzosi bila kuigusa, halafu afikirie nyasi zilizokaa miezi bila mvua zikiguswa na kitu kile. Aliwafundisha kutotupa kichungi cha sigara dirishani, kukagua kama kuna mnyororo unaoburuzwa chini ya gari ukitoa cheche, na kuuzima moto wa kambini kwa kumwagia maji, kukoroga, kumwagia tena, kisha kupitisha mgongo wa mkono juu ya majivu mpaka wasisikie joto. Yote aliyatoa kwenye ule ubao. Alichoongeza ni sauti yake.

Ubaya ni kwamba mafunzo yalifanya kazi. Madereva walifika getini na makoleo na madumu ya maji, wakajibu maswali, wakafunguliwa. Habari zikaenea. Watu wakaanza kupita kona ile kwa hiari yao, wengine wakaleta na shemeji zao. Wakamwita mwalimu.

Kisha akaja muuguzi mmoja mstaafu, mwenye gari dogo la njano, aliyekuwa ameanguka mtihani wiki iliyotangulia na kugombana naye kuhusu ada. Safari hii alishuka akamshika Waziri mikono miwili. Alimweleza kwamba wajukuu zake waliuacha moto wa kambini wakidhani umezimika, na yeye akakumbuka habari ya mgongo wa mkono, akapitisha, akakuta majivu yanachoma. Hema la watoto lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alipomaliza kusimulia, macho yake yalikuwa yamelowa.

Waziri hakuwa na uzoefu wa mambo hayo. Kulaaniwa alikuzoea, na alijua pa kupitia. Kushukuriwa kulimfunga miguu. Alirudi kibandani akaketi, akasahau kumbandikia mtu stika.

Kilichommaliza ni bwana msitu. Alifika mchana mmoja kwa gari la hifadhi, sare imenyooka, kofia imekaa sawasawa. Waziri alipoiona ile kofia kwa mbali aliingia kwenye shimo la mzani nyuma ya kibanda akajilaza humo kama gunia. Alisikia mazungumzo marefu asiyoyaelewa, kisha mama mkwe akicheka, kisha gari likiondoka. Alipotoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, aliuliza yule mtu alitaka nini.

"Anashukuru," mama mkwe alisema, akihesabu mishono.

"Basi?"

"Na amesema atarudi."

Ikawa imetosha. Waziri aliamua kuuza kituo kabla kofia haijarudi, na mnunuzi hakuwa mbali. Tajiri wa vipuri, mwenye duka karibu na kile kituo cha mafuta, alikuwa ameshaona makoleo yanavyotoka dukani kwake kama yana miguu, akafuatilia, akafika mpaka kona ya mzani. Alikuwa mtu wa tumbo na pete, na macho yake hayakutulia mahali palipo na faida ya mtu mwingine. Kila siku alipita akisema angalau wangemshirikisha.

Waziri alimkatalia kwanza. Alimkatalia vizuri sana, kwa masikitiko, akitaja wajibu na taifa, mpaka tajiri akaanza kutokwa jasho. Mwishowe alikubali kumwachia haki zote za kona ile, yeye na kizazi chake, milele, kwa cheti chenye muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. Tajiri hakuwa na fedha taslimu, alisema, biashara imekaba. Lakini alikuwa na gari: jeupe, refu, lenye kung'aa hadi mtu angeweza kujinyolea ndevu kwenye mlango wake. Waziri alilitazama, akasahau kuuliza kwa nini mtu aliyekabwa analitoa kirahisi hivyo.

Alimweleza mama mkwe. Mama hakushangaa wala hakupinga. "Kama unaona inafaa, mwanangu, uza."

Akamwambia anakwenda kulijaribu gari kidogo tu, atarudi kumchukua muda si mrefu. Sanduku lake lilikuwa limeshaingia kwenye buti. Mama mkwe alimtazama juu ya miwani akamtakia safari njema, na neno hilo, safari, lilimkwama Waziri kooni kama mwiba wa samaki kwa dakika kadhaa. Lakini gari lilikuwa na kiti laini na redio nzuri, na mwiba ukashuka.

Hakurudi mjini, kwa sababu zinazoeleweka. Alishika barabara ya vumbi inayozunguka hifadhi kwenda mji wa pili, nyasi za rangi ya simba pande zote mbili. Chini ya gari kitu kilikuwa kinalialia. Aliongeza sauti ya redio. Kilizidi. Akajua ni nini, maana alikuwa amewauliza watu swali hilo hilo mwezi mzima: mnyororo wa kuvutia magari, umelegea, unaburuzwa juu ya mawe. Alisema moyoni ataufunga akifika.

Kisha akatazama kioo, akaona moshi.

Ulikuwa mwembamba, kando ya barabara aliyotoka kuipita. Waziri alijua upepo unaelekea wapi na alijua upande ule kuna kambi ya familia. Alijua pia kwamba hakuna aliyemwona. Mguu wake ulikaa kwenye mafuta muda fulani, na naomba tusimuulize ni muda gani. Halafu akasimama. Alisimama kwenye changarawe tupu, mbali na nyasi, bila hata kufikiri, akakimbia kurudi.

Hakuwa na koleo, wala maji, wala mtungi. Alivua koti la ile suti, mtaji wake wote duniani, akaanza kuupiga moto nalo. Mikono ya koti iliungua. Moto ukasinyaa huku ukaruka kule. Alikuwa anakohoa na kupiga, kupiga na kukohoa, gari la njano lilipotokea kwenye vumbi na yule muuguzi akashuka na koleo begani kama askari.

"Mwalimu," alisema huku akirusha udongo, "koleo lako liko wapi?"

Walifukia, wakakanyaga, wakamwaga madumu mawili ya yule muuguzi, na mwisho wakapiga magoti wote wawili wakapitisha migongo ya mikono juu ya majivu, hatua kwa hatua.

Gari la hifadhi liliufuata moshi likawakuta hapo. Bwana msitu aliangalia sehemu iliyoungua, pana kama uwanja wa mpira wa watoto, akamshika Waziri bega akamwambia amefanya kazi ya mtu mzima. Kisha akalitazama lile gari jeupe, akasoma namba zake mara mbili. Uso ukambadilika. Gari lile lilikuwa la kampuni ya kukodisha, lilichukuliwa na tajiri mmoja wa vipuri kwa safari ya siku mbili, na tangu hapo kampuni imelitafuta mpaka getini kwao. Akasema ni vizuri wote warudi kona ya mzani wakaongee.

Walimkuta tajiri kwenye benchi, cheti chake mkononi, muhuri umeanza kumchafua vidole. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, lakini juu ya gauni amevaa fulana mpya ya kijani yenye nembo ya hifadhi. Bwana msitu alimwamkia, akamwita mkuu wa kituo.

Ikaelezwa pole pole, kwa faida ya wanaume wawili waliokuwa wanaelewa kwa shida. Siku ile bwana msitu hakuja kushukuru tu. Moto ulikuwa umepungua, ofisi yake ilitaka kona ile iendelee, ila iendeshwe kihalali, na iwe bure kwa madereva. Alimuuliza mama nani mwenye kituo. Mama alitazama huku na huku, akaona mkwe wake yumo shimoni, akajibu kwa haki kabisa kwamba kwa sasa yupo yeye.

Tajiri alitaka kupiga kelele, akaliangalia lile gari jeupe, akanyamaza. Waziri alitaka kulalamika, akakiangalia cheti, naye akanyamaza.

"Mama," alisema baadaye, walipobaki wawili, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nikuambie. Nikasema ngoja kwanza nione kama utarudi kunichukua."

"Si nimerudi?"

"Umerudishwa."

Mama aliifikisha mishono mpaka mwisho wa mstari kabla hajaongea tena. Alisema amemwomba bwana msitu ahesabu gari limerejeshwa, yaishe. Tajiri ataleta makoleo kwa bei aliyonunulia, mpaka aibu imwishe. Na kituo kinahitaji mwalimu, mshahara mdogo, kuanza saa mbili kamili, bila suti.

Asubuhi iliyofuata Waziri alikuwa barabarani saa mbili kasorobo, ameinama kwenye dirisha la gari la kwanza, anauliza pembeni pana nini. Kibandani simu ililia. Alikuwa mkewe, kutoka ng'ambo. Mama mkwe alimsimulia kwamba mume wake amepata kazi, kazi ya kweli, yenye saa ya kuingia na ya kutoka.

Upande wa pili binti alishusha sauti.

"Mama," binti aliuliza, "amekuibia nini?"

Mama mkwe alichungulia nje. Dereva alikuwa ameshashuka, yeye na Waziri wamechutama nyuma ya gari, mikono yao imenyooshwa karibu na ekzosi.

"Hakuwahi, mwanangu," alisema. "Nilimtangulia."