Pedali Yangu Ilipotangaza Chanjo ya Ng'ombe

Wenzangu, leo aibu imenipata mchana kweupe, tena nimevaa suti. (Ya kuazima.)

Mnajua kazi yangu hapa Garsen. Natengeneza pedali za gitaa. Kile kisanduku ambacho mpiga gitaa akikikanyaga, sauti inaanza kunguruma. Sina kompyuta mimi. Natumia transista za redio mbovu, nalehemu kwa mkono, kisha nafunga kila kitu ndani ya mkebe wa majani chai.

Mnajua pia nataka kumuoa Hawaye. Shida ni baba yake, Mzee Jilo, mkulima wa Kilelengwani. Nilipompelekea pedali aione, aliigeuzageuza, akaguna.

"Yaani binti yangu aolewe na mtu wa mikebe?"

Iliniuma, walahi! Leo dada yake Hawaye alikuwa anaolewa hapahapa Garsen, na Buya, mpiga gitaa wa bendi, alikuwa amekubali kutumia pedali yangu. Nikasema leo ni leo, mzee atanielewa. Tangu jana nilishautupa ule mkebe. Nikaihamishia pedali kwenye kikopo kizuri cha plastiki, cha bluu, vile vya watoto kubebea chakula shuleni. (Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Ngoja kwanza.)

Ukumbi umejaa. Buya akakanyaga. Pedali ikanguruma! Nikamwangalia Mzee Jilo: anatikisa kichwa taratibu, amefurahi. Moyo wangu ukatulia.

Bibi harusi akatokea mlangoni. Buya akazibana nyuzi zikanyamaza, ili bibi harusi aingie kwa heshima.

Spika ikasema, sauti ya mwanamume, safi kabisa:

"Wafugaji wote mnaombwa kuleta ng'ombe wenu kwa chanjo. Mnyama mkali afungwe kamba kabla ya kufikishwa."

Bibi harusi akasimama. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo mkali ni nani, bibi au bwana?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi huyo, mbio, suti na yote, nikapiga magoti mbele ya bendi nikang'oa waya. Mlingoti wa kituo cha redio uko nyuma tu ya ukumbi. Bati la mkebe ndilo lililokuwa likizuia mawimbi yasiingie. Plastiki haizuii kitu. Na nilijua! Ndiyo maana nilikuwa natumia mikebe!

Baada ya chakula Mzee Jilo akaniita. Nikajua posa yangu imekwisha.

"Komora."

"Naam, baba."

"Kumbe kile kitu ni redio?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za pedali. Hawaye, aliyekuwa nyuma yake, akanikodolea macho hadi nikaogopa.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni redio." (Mungu nisamehe.)

"Sasa si ungesema tangu mwanzo! Fundi wa redio ni mtu wa maana. Jumamosi leta wazee wako tuzungumze. Na uje na hiyo redio, nisikilize taarifa ya habari."

Kilelengwani, nyumbani kwa mzee, hakuna mlingoti karibu.

Kwa hiyo acheni kucheka, nisaidieni. Nani ana redio ndogo inayoenea ndani ya kikopo cha chakula cha mtoto?